Saa kumi barabarani, dakika 35 za ngoma: kisa cha safari ya Sengerema hadi Bujora

Mwaka ule Babu alitimiza miaka 78, na alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja tu: kuona mbina tena. Mbina, kwa msiomo Usukumani, ni ngoma, hasa ile ya mashindano inayochezwa mavuno yakishaingia ghalani, kuanzia Juni hadi Agosti. Babu ni Mgalu, yaani wa kundi la Wagalu, moja ya makundi mawili yanayoshindana kwenye mbina. Ujanani alicheza hadi nyayo zikapasuka, kisha maisha yakampeleka Sengerema kulima, na zikapita zaidi ya miaka thelathini bila kusimama uwanjani.

Tukaamua kumpeleka Bujora kwenye Bulabo, sherehe ya ngoma ya kila mwaka. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kwa magari ya abiria, kwa sababu gari letu wenyewe hatuna. Tulikuwa sita: Babu, mimi na mke wangu, watoto wawili, na Shangazi ambaye tulikubaliana tumchukue njiani, Usagara. Ilikuwa bado enzi za kivuko cha Busisi, kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa juu ya Ghuba ya Mwanza. Tulisafiri saa kumi na ushee na ngoma tukaiona kwa dakika 35. Miaka miwili baadaye tulikwenda tena, mambo yakaenda vizuri, na watu nikiwasimulia hujibu kwa neno moja: daraja. Sikubaliani nao, ndiyo maana naandika.

Kwanza, Bujora kwenyewe. Ni kilimani, pembeni mwa Kisesa, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, Wilaya ya Magu. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada. Padre huyo aliiona ngoma kama kitu cha kukaribishwa kanisani badala ya kufukuzwa, akaiunganisha na sherehe ya Ekaristi Takatifu. Bulabo maana yake ni maua, yale ya maandamano ya Ekaristi. Kwa hiyo tarehe yake haikai mahali pamoja, inaifuata Pasaka. Mwaka 2024 Jumapili ya Ekaristi iliangukia Juni 2, mwaka 2025 ikaangukia Juni 22. Anayepanga kwa kukumbuka "mwaka jana tulikwenda wiki ya pili ya Juni" atakuta uwanja mtupu na mbuzi wanakula majani. Sisi angalau hilo hatukulikosea. Mke wangu ni mwanakwaya, kalenda ya Kanisa anayo kichwani.

Tuliyoyakosea ni mengine. Nayaandika kwa saa, kwa kuwa siku ile niliyaandika nyuma ya daftari la mtoto.

Saa 1:00 asubuhi tuko stendi ya Sengerema. Haisi ya Busisi ina watu wanne. Kondakta anasema "tunatoka sasa hivi", na kila anayepanda gari nchi hii anajua "sasa hivi" ya haisi yenye watu wanne ni muda gani. Tukaondoka saa 1:40. Busisi tukafika saa 2:20. Kivuko kilikuwa ng'ambo, kikaja, kikashusha, kikapakia malori kwanza, nasi tukaivuka Ghuba ya Mwanza na kukanyaga Kigongo saa 3:30. Hapo tukapanda basi dogo la kwenda Nyegezi, tukafika Usagara saa 3:55. Shangazi alikuwa amesimama barabarani na kikapu, akaingia, tukaendelea hadi Nyegezi. Saa 4:25. Kutoka Nyegezi tukapanda daladala mbili kulizunguka jiji lote: foleni, kushusha, kupakia, na ile ya pili ikakata ruti Igoma kwa madai kwamba abiria wa Kisesa ni wachache. Tukapanda ya tatu. Kisesa saa 5:50. Bodaboda tatu, mtu na mtu, tukafika Bujora saa sita na dakika tano mchana.

Saa tano na dakika tano tangu stendi. Tukajipongeza, maana tulikuwa tumefika na bado ni mchana mweupe.

Misa ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wanakula. Tukawapeleka watoto makumbusho, wakaliona lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi, wakaona ngoma za kitemi zilizopangwa ndani, na mdogo akauliza kwa nini hazipigwi. Tukanunua karanga. Babu tulimweka chini ya mti, kofia usoni, na kila baada ya nusu saa nilikwenda kumwuliza kama ana njaa. Hakuwa na njaa. Uwanjani kulikuwa na vijana wanaofunga njuga, wanaokaza ngozi za ngoma juani, wanaocheka. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita.

Saa 8:40 ngoma ya kwanza ikalia upande wa kusini. Dakika chache, upande wa kaskazini nao ukajibu.

Asiyewahi kuona mbina lazima aelezwe hapa, la sivyo hataelewa tulipoteza nini. Makundi mawili, Wagika na Wagalu, hayachezi kwa zamu. Yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji wako katikati. Meza ya majaji haipo. Mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Asili yake ni ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ndiyo yenye nguvu, na mpaka leo wapo wasemao kwamba wingi wa watu ni kazi ya samba, dawa ya mvuto, kuliko kazi ya miguu. Manju, kiongozi wa waimbaji, anaimba, anatukana kwa mafumbo, vijana wanarusha majembe hewani na kuyadaka, na watu wanahama. Wanahama kama maji yanavyohama kwenye sinia ukiliinamisha. Kuona mbina hasa ni kuona huko kuhama. Na watu hawahami katika nusu saa ya kwanza. Nusu saa ya kwanza kila mtu anapima tu.

Saa 9:15 nikawaambia jamani, twendeni. Kivuko, haisi za Busisi, giza, mzee. Mke wangu akanitazama. Babu alikuwa amesimama bila fimbo. Tukapanda bodaboda na kuteremka kilima huku ngoma zinapanda nyuma yetu, na ni hapo hasa ndipo tuliposikia kelele kubwa ya kwanza ya watu, ile ya kundi zima linapokimbilia upande mmoja. Babu hakusema neno mpaka Igoma. Tulipofika Igoma akasema, "Mmenileta kuangalia watu wanavyojiandaa."

Nyumbani tulifika saa 2:30 usiku.

Basi, kosa lilikuwa wapi? Jibu la haraka ni umbali na kivuko, nami nililiamini kwa muda mrefu. Lakini ukilipitia lile daftari, hesabu inakataa. Kivuko, pamoja na kukisubiri, kilitula saa moja na dakika kumi. Kutoka Nyegezi hadi Kisesa, ndani ya jiji moja, kulitula karibu saa moja na nusu. Kusubiri haisi ijae, dakika arobaini. Yaani kilichotumaliza zaidi ni maungio: kila tuliposhuka kwenye chombo kimoja kungoja kingine, hata pale ambapo kilomita zilikuwa chache.

Kwa wenyeji wanaouliza kwa nini hatukupita Kamanga: ndiyo, Kamanga kivuko kinakutua katikati ya jiji, na kwa mtu anayekwenda sokoni ni njia nzuri. Lakini tulikuwa tunamchukua Shangazi Usagara, na ukitua mjini bado jiji zima la upande wa mashariki linakungoja kabla ya Kisesa. Kamanga isingetuponya.

Dawa ilikuwa Usagara kwenyewe. Pale Usagara kuna barabara ya mchepuko, lami, inayokwenda moja kwa moja Kisesa bila kuingia Mwanza mjini, kilomita 17 hivi. Ilikuwepo siku ile. Tulisimama kwenye mlango wake, tukampandisha Shangazi, tukaupita, tukaenda kuzunguka jiji kwa daladala tatu ili tutokee upande wake wa pili. Kwa nini? Kwa sababu nauli tulilipa hadi Nyegezi, na kwa sababu kichwani mwangu safari yoyote ya Mwanza hupitia stendi. Ukikulia mikoani, stendi ndiyo mji.

Nilimwuliza Shangazi baadaye kama alikuwa anaijua njia ile. Amekaa Usagara miaka kumi na tisa. "Naijua," akasema. "Sasa nyie mmetoka huko na mipango yenu, baba mwenye familia yuko mbele na daftari, mimi niseme nini? Nilijua mna mtu wa kumwona Nyegezi."

Hili la Shangazi nimelifikiria sana. Kwa desturi zetu, mtu anayepakiwa njiani hampangii aliyemtangulia garini. Alikuwa mgeni ndani ya safari yangu, ingawa ardhi ilikuwa yake. Kosa ni la aliyepaswa kuuliza, naye ni mimi.

Lakini hata hilo si kosa kubwa kuliko yote. Tuseme tungepita mchepuko: tungefika Bujora saa tano asubuhi badala ya saa sita. Tungekaa chini ya mti saa moja zaidi, tukala karanga zaidi, na saa 9:15 tungeondoka vilevile. Kuokoa muda wa kwenda kusingetupa hata dakika moja ya ngoma, maana kilichotukatisha ngoma kilikuwa saa ya kuondoka.

Tulipanga safari kama tunakwenda hospitali. Ukienda hospitali ya rufaa unadamka, unashika namba mapema, unamaliza, unarudi. Benki vivyo hivyo, ofisi ya ardhi vivyo hivyo. Maisha yetu yote ya kusafiri kwa haisi yametufundisha kwamba anayewahi ndiye anayepata. Ngoma haipo hivyo. Ngoma ya mashindano haikolei jua likiwa utosini. Ngozi, miguu, sauti ya manju na watazamaji wenyewe, vyote vinangoja kivuli kianze kurefuka. Inakolea saa tisa na nusu, saa kumi, mpaka jua linazama. Wanaokwenda tamasha la Bagamoyo kutoka Dar wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine, maana kule maonyesho makubwa huwa usiku, na anayetegemea gari la kurudi Dar lazima aamue mapema kati ya usingizi na ngoma.

Kwa hiyo nililopaswa kujiuliza ni saa ngapi ngoma inafikia kilele, na nikibaki mpaka saa hiyo narudi na nini. Saa ya kutoka nyumbani inafuata baada ya hapo. Na aliyejua kilele ni saa ngapi nilikuwa nimempakata kofia yake magotini kwenye haisi. Babu amecheza ngoma hizi. Hatukumwuliza. Tulimwuliza kama ana njaa, kama amechoka, kama anataka kujisaidia, maswali ambayo watu huwauliza wazee. Nilipomwuliza hatimaye, mwezi umepita, akacheka: "Mbina ya saa sita? Hiyo ni ya wapiga picha."

Swali la kurudi nalo lilikuwa na jibu lililokaa mkononi mwetu. Shangazi ana nyumba Usagara, ina chumba cha wageni. Tungebaki Bujora hadi jioni, tukalala kwake, tukavuka asubuhi. Hatukutaka kumsumbua, tukasema. Ukweli ni kwamba nilishatangaza kwa watu kwamba ni safari ya siku moja, na ahadi ya namna hiyo mtu huishikilia hata inapomkaba koo.

Mara ya pili ilikuwa Agosti 2025. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limefunguliwa Juni 19 mwaka huo, kilomita tatu za zege juu ya ziwa, na pale ambapo kivuko na foleni yake vingeweza kukula hata saa mbili sasa gari linapita kwa dakika chache. Watoto walisimama kwenye viti kuangalia maji. Babu hakuangalia maji, aliangalia vivuko vile vilipokuwa vinaegesha, akasema ameshawahi kulala pale na ng'ombe wawili.

Hatukwenda Bulabo. Tulikwenda kwenye mbina ya kawaida ya msimu, uwanja wa kijiji ndani kidogo kutoka Kisesa. Hakuna hotuba, hakuna mahema. Taarifa tuliipata kwa Shangazi, naye aliipata kwa muuza mkaa. Ngoma za namna hii hazina tangazo, na asiye na mtu mahali hazioni.

Safari hii mpango niliuanza kwa kurudi. Niliongea na kondakta wa gari linalotoka Nyegezi jioni kuja Sengerema: nilimlipia viti vitano kamili kuanzia Nyegezi, ingawa tungepandia Usagara. Watu wananiona mjinga kulipia kipande nisichokaa. Lakini magari yote ya kuja kwetu kutoka Mwanza kwa njia ya daraja lazima yapite Usagara, na jioni hupita yamejaa, na trafiki akiwa barabarani hakuna wa kukubebea mzee akiwa amesimama. Nililipia uhakika. Ilikuwa kama shilingi elfu kumi ya ziada kwa watu watano, na ndiyo elfu kumi ninayoijutia kidogo kuliko zote nilizotumia mwaka ule.

Kisha nikampigia dereva wa Noah, mmoja wa wale wa magari madogo ya abiria yanayoitwa michomoko, Shangazi anamjua. Atupeleke kutoka Usagara kwa mchepuko mpaka uwanjani, aje kutuchukua saa 11:30 jioni. Nusu ya hela kabla, nusu akirudi. Hapa nina neno: msimlipe yote mchana. Si kwamba ni waongo, ni kwamba jioni ndipo abiria wanapokuwa wengi, na mtu ambaye ameshalipa yote ndiye wa kwanza kusahauliwa.

Tulitoka nyumbani saa 5:00 asubuhi. Saa tano! Jirani alituona na begi akauliza kama gari limetuacha. Usagara tulifika saa 7:00 kasorobo, tukala kwa Shangazi, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa ya mgando. Uwanjani saa 8:30. Tukasubiri dakika kumi na tano, ngoma ikalia.

Tulikaa saa tatu kasoro, na tuliona kuhama. Mwanzoni watu wengi walikuwa kwa Wagalu. Walikuwa na majembe, na kijana mmoja mwembamba alikuwa akilirusha lake juu, anageuka, anapiga goti, analidaka nyuma ya mgongo kabla ngoma kubwa haijagonga. Mara ya nne likamponyoka likaanguka. Hakukuwa na zomeo, palikuwa na kimya tu, sekunde mbili. Katika kimya hicho manju wa Wagika, ng'ambo, akatoa mstari mmoja kuhusu jembe linalokataa kushikwa na mkono wa mvivu. Wagika wakainua sanamu yao, mtu wa mbao mwenye koti na kofia, mikono yake inachezeshwa kwa kamba, akaanza kulima hewani kwa jembe dogo bila kulidondosha. Nadhani watu mia moja walihama kwa mara moja. Mwanangu mdogo alibebwa na mkumbo, nikamfuata kumshika.

Nikiangalia hesabu ya siku ile: daraja lilituokolea saa moja na kitu kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Mchepuko wa Usagara karibu saa moja na nusu. Vyote viwili ni faida. Ila kuchelewa kutoka, na viti vya kurudi vilivyolipiwa, ndivyo vilivyotuweka uwanjani saa kumi jioni. Hivyo viwili vingewezekana hata enzi za kivuko, kwa sharti la kulala kwa Shangazi. Walio Ukerewe, ambao bado hawana daraja, wasikae kungoja lami na zege ndipo waone ngoma. Wamtafute shangazi wao.

Noah ilikuja saa 11:40. Usagara tukafika saa 12:20, gari letu likapita saa 12:35, viti vikiwa wazi na abiria watatu waliosimama stendi wakivitolea macho. Sengerema saa 2:00 usiku.

Kwenye daraja, gizani, mke wangu alimwuliza Babu swali ambalo mimi nililimeza tangu uwanjani. Wakati wa ule mkumbo, nilipomfuata mtoto, nilimkuta Babu tayari yuko upande wa Wagika, mbele kabisa, mikono nyuma, anatikisa kichwa kwa mdundo. Mgalu wa miaka themanini.

"Nilifuata kivuli," akasema.

Upande wa Wagika hakukuwa na mti hata mmoja.